Mtindo Usio na Marehemu

Usiku wa jana niliota mkanda wangu mweusi umefunguka wenyewe kiunoni, ukapanda mezani, ukaniambia tumeitwa.

Sikushtuka. Nilikuwa nimelala na hasira, na mtu akilala na hasira haoti maua. Mchana katibu wa chama cha mkoa alikuwa amenijibu mbele ya kadamnasi kwamba Mkonge hauwezi kutambuliwa. Mkonge ni mtindo wangu wa kupigana. Niliuanzisha mwenyewe hapa Same, kwenye banda la matrekta la shamba la mkonge lililokufa siku nyingi, na ndimo ninamoufundisha mpaka leo. Katibu alisema mitindo yote halali ina ukoo. Ina mwalimu, na mwalimu wa mwalimu, mpaka unafika kwa mwasisi aliyelala kaburini huko ng'ambo.

"Wako, Bwana Senkondo, hauna hata marehemu mmoja," akasema, na wajumbe wakacheka.

Nilimwambia nitakata rufaa. Watu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Ni uzushi mtupu. Mimi kwa kesi hii nimeuza mbuzi tu.

Basi mkanda uko mezani. Umejikunja, ncha moja imeinuka na inanitazama.

"Nani alinifunga kiunoni kwako?" unauliza.

"Nilikufunga mwenyewe."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya kioo cha kunyolea."

Mkanda ukatikisa ncha yake. Kisha ukasema, "Hata mtoto mchanga hajikati kitovu mwenyewe."

Nikauambia kwamba lazima awepo wa kwanza. Hao waasisi waliolala makaburini nao waliamka asubuhi moja wakajifunga kitambaa kiunoni, na hakuna aliyewauliza maswali. Mkanda ukasema hayo nikayaseme mbele ya karani, wenyewe si wakili wangu. Ukateremka mezani ukatangulia.

Nafungua mlango wa chumba cha kulala. Badala ya sebule kuna korido ya mochwari. Najua ni mochwari kwa sababu ya baridi, na kwa sababu kila mtu humo anaongea kwa adabu. Kushoto na kulia kuna mabenchi, na kwenye mabenchi imekaa mitindo ya kupigana.

Sijui nieleze vipi mtindo unavyokaa. Ilikaa tu, kama kina mama wa kliniki, na kila mmoja ulikuwa umempakata marehemu wake aliyefungwa sanda. Mtindo mmoja wa kizee ulikuwa na marehemu mdogo aliyekauka kabisa, ukimpepea kwa gazeti. Mwingine ulikuwa unamfuta wake vumbi usoni. Hakuna aliyeonekana kuona jambo hilo ni zito. Walikuwa wanasubiri zamu.

Mwisho wa benchi la mwisho nikauona Mkonge. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona. Ulikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani, miguu mitupu, mikono imelala magotini bila kitu.

"Shikamoo," ukasema.

"Marahaba. Mbona umekaa huku mwisho?"

"Ndiko wanakokaa wasio na mtu wa kubeba."

Iliniuma. Nikataka kuushika bega, lakini ulikuwa umeshageuza uso, kama mtoto ambaye mzazi wake amekuja shuleni na suruali iliyochanika.

Karani alikuwa nguzo ya kupigia ngumi, ile ya bandani kwangu, iliyozungushiwa kamba kifuani. Sasa ilikuwa imevaa tai. Nguzo uliyoipiga kila jioni inakujua vizuri, na hii haikunisalimia.

"Jina la mtindo?"

"Mkonge."

"Mwasisi?"

"Mimi."

"Nauliza mwasisi."

"Ndiye mimi, Senkondo."

Nguzo ikanitazama kuanzia miguuni. "Wewe unapumua," ikasema.

"Ndiyo."

"Basi wewe ni mwenye banda. Mwasisi ni yule ambaye hawezi tena kubadili neno lake."

Nikaomba nielezwe utaratibu, maana haki bila utaratibu ni huruma tu. Nguzo ikaeleza bila kuinua sauti. Mwasisi anazikwa. Mtani wake anaingia kaburini, anamwiga marehemu alivyokuwa akipigana. Waombolezaji wakimjua kwa miondoko hiyo bila kutajiwa jina, mtindo upo na ni halali. Wasipomjua, watu wanakula wali wanaondoka.

"Na mtindo?" nikauliza.

"Unafukiwa humo humo."

Nyuma yangu nikausikia Mkonge ukivuta pumzi.

"Mazishi ni lini?"

"Leo mchana," ikasema nguzo. "Umeshachelewa."

Korido ikaisha, tukawa kwetu Gonja, kwenye migomba ya marehemu baba. Kaburi limeshachimbwa na udongo mwekundu umerundikwa kando. Jeneza liko wazi, tupu, limeegemezwa kwenye mgomba. Wanafunzi wangu wote wamekaa mkekani na nguo zao nyeupe za mazoezi, macho yamevimba. Mbele yao kakaa Naetwe, mwanafunzi wangu wa kwanza, mama wa makamo anayepika kwenye shule ya sekondari hapa mjini. Shangazi yangu naye yupo, na amejifunga kitambaa cha msiba kichwani.

"Poleni," nikawaambia.

"Asante, Mwalimu," akasema Naetwe. "Tulikuwa tunakusubiri wewe tu."

Kabla sijajibu, akatokea Tarimo. Tarimo ni jirani yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, Mchaga wa Rombo, kwa hiyo ni mtani wangu. Hakumsalimia mtu. Akaruka ndani ya kaburi, akalala chali, akaweka mikono nyuma ya kichwa.

"Shimo hili ni langu," akasema. "Wapare bwana, hata kaburi wamelibania. Miguu hainyooki."

Waombolezaji wakacheka huku wanafuta machozi, kama inavyotakiwa. Mtani hakasirikiwi msibani.

"Mangi, toka humo," nikamwambia, kama tunavyowaita Wachaga wote.

"Sitoki mpaka nimwige marehemu."

"Marehemu mwenyewe sijafa."

"Ndiyo maana nina wasiwasi na kazi yenyewe."

Akasimama ndani ya kaburi, akachana ganda la mgomba, akajifunga kiunoni. Akainua mguu, akazunguka nao hewani mpaka udongo ukaporomoka. Lilikuwa teke langu la kuzunguka. Watu wakalitazama. Shangazi akajikuna shingo.

"Hilo mbona la banda la video?" akasema. "Lile banda la pale sokoni. Vijana wote walikuwa wakitoka mle wanarusha hivyo hivyo."

Teke likasikia. Likajitoa kwenye mguu wa Tarimo, likavaa ndala, likawapa waombolezaji pole, likashuka mlimani kurudi kwenye banda la video.

Tarimo akapiga ngwara. Mwanafunzi mmoja akasema kwa heshima kwamba ngwara hiyo ni ya mpira wa shule ya msingi, na ngwara ikaondoka ikichechemea. Akakaza roba ya shingo hewani. Mama mmoja nyuma akasema huyo ni kibaka wa stendi kabisa, alimkaba hivyo hivyo mwaka juzi akachukua simu. Roba ikaona aibu, ikainamisha kichwa, ikaenda stendi. Ngumi haikungoja kusemwa. Ilikiri yenyewe kwamba ni ya mafunzo ya mgambo, ikapiga saluti, ikageuka kushoto, ikaondoka.

Ni kweli niliwahi kupita mgambo. Sikuona kama ni jambo la kutangaza msibani.

Kila pigo lilipoondoka, Mkonge ulipungua. Ulikuwa umesimama pembeni yangu na nilikuwa nimeushika mkono. Mwanzo ulikuwa mkono. Baadaye nikawa kama nimeshika mpini wa jembe. Mwisho nikahisi nimeshika njiti ya ufagio.

"Mwalimu," ukaninong'oneza, "umebaki na nini kingine?"

"Subiri," nikasema. Nilikuwa naogopa. Miaka yangu yote ya bandani ilikuwa inashuka mlima kwa miguu, mmoja mmoja, na kila mtu alikuwa anaijua kwake ni wapi.

Tarimo alikuwa ameloa jasho. Sasa anashika ukingo wa kaburi ili atoke. Jani la mgomba lililovunjika linaning'inia juu yake, ncha yake iko usawa wa jicho. Tarimo hakulisukuma. Bega lake la kushoto likashuka, goti likalegea, kichwa kikapita chini kwa chini, na mkono wa kulia ukapanda kutoka tumboni ukalishika jani kwenye shina lake, pale lisipoweza kuchoma. Jani likapita. Yeye akabaki amesimama, amelishika, hana hata mkwaruzo.

Hiyo ni Pisha Mwiba. Ndiyo roho ya Mkonge. Hakuna video yenye kitu hicho, wala mgambo, wala stendi.

Watu wakapiga kelele. Wengine wanacheka, wengine wanalia, yule mama aliyekabwa na kibaka anajipiga mapaja. Mkononi mwangu njiti ikaanza kunenepa, ikawa mpini, ikawa mkono wenye nyama na joto. Nilifurahi sijapata kufurahi hivyo. Nikafungua mdomo kuwashukuru.

"Naetwe," wakasema wote kwa pamoja.

Nikafunga mdomo.

"Naetwe huyo huyo," akasema shangazi, anajifuta kwa upande wa kanga. "Mtu mzima hafichiki."

"Napinga," nikasema.

Nguzo ilikuwa imeshafika, imesimama kichwani mwa kaburi na tai yake. "Unapinga kwa hoja gani?"

"Nilimfundisha mimi."

"Alikuja bandani hajui?"

Hapo Pisha Mwiba yenyewe ikasimama ukingoni. Ilikuwa haijaondoka kama wenzake. Imejifunga kanga kiunoni, na mikononi ina makovu madogo madogo ya miiba.

"Mimi nilikuja na huyu mama," ikasema. "Mama yake alikuwa mkata mkonge. Huyu alikuwa anamfuata nyuma akiwa mdogo, katikati ya mistari, na mwiba wa mkonge unatafuta jicho la mtoto. Siku yake ya kwanza bandani ulimrushia ngumi umwone ni mtu wa namna gani, nami nikatokea. Ulisimamisha darasa. Ukanipa jina. Wiki iliyofuata ukamfundisha mimi."

"Ukamsahihisha na goti," ikaongeza.

"Mwalimu alinisaidia sana kwenye goti," akasema Naetwe. Alisema kweli kutoka moyoni, na ndiyo sauti iliyonikera kuliko zote.

Nikasema anayelipatia jambo jina ndiye mwenye jambo. Kabla yangu ile ilikuwa namna ya kupita shambani. Mimi ndiye niliyeona ni pigo.

"Mchungaji anayembatiza mtoto si baba yake," ikasema nguzo.

"Nakata rufaa."

"Rufaa ipo," ikasema, na sikutegemea. "Tena ni rahisi. Sema mtindo ni wako, uingie humo." Ikalielekeza jeneza. "Ukisema ni wako, tunakuzika wewe, na Mkonge unakuwa wa Senkondo mpaka mwisho wa dunia. Hakuna katibu atakayekuuliza tena. Ukinyamaza, marehemu ni Naetwe, na wewe unatambuliwa kuwa mrithi halali."

Watu wote wananitazama. Hata Mkonge umeniachia mkono na unanitazama. Tarimo amekaa ukingoni mwa kaburi, miguu inaning'inia ndani, anajipepea na kofia.

"Mpare," akasema, "kesi yako hiyo. Iendeshe."

Mimi nimewahi kubishana na kamati ya maji mpaka kamati ikavunjwa. Nimebishana na mchungaji kuhusu kiti nilichokaa. Nililitazama jeneza. Lilikuwa la mninga, limesuguliwa vizuri, ndani kitambaa cheupe na mto mdogo. Lilikuwa la urefu wangu kabisa. Nikatazama misumari iliyopangwa juu ya kifuniko.

Nikanyamaza.

Nilinyamaza mpaka kuku wakazoea, wakarudi kuchakura kwenye udongo wa kaburi.

"Imesikika," ikasema nguzo.

Naetwe akainuka mkekani. Akavua kandambili, akaziweka sambamba pembeni. Jeneza lilikuwa limeshalazwa chini, sikuona na nani. Hakunitazama kwa chuki. Angenitazama kwa chuki ningepata la kumjibu. Alinitazama kama anavyonitazama bandani ninapoonyesha jambo jipya, akingoja aelekezwe.

"Ndugu yangu," akamwambia shangazi, "maharage ya shule niliyaloweka. Mtu aende akayaangalie."

"Atakwenda mtu," akasema shangazi.

Akaingia, akalala. Jeneza lilikuwa refu kwake na kichwa hakikukaa vizuri, kilikuwa kinalalia upande.

"Mwalimu," akasema, "nalalaje?"

Nikapiga magoti. Sikuweza kujizuia, mtu akikosea mkao mimi mkono unakwenda wenyewe. "Kidevu ndani," nikamwambia, kama ninavyofundisha kuanguka. "Usiache kichwa kikagonga."

"Hivi?"

"Zaidi kidogo. Kaza shingo."

"Nikae hivi mpaka lini?"

"Mpaka nitakapokwambia upumzike."

"Sawa, Mwalimu."

Wakaweka kifuniko. Tarimo akatoka ukingoni, akalifungua ganda la mgomba kiunoni, akavua kofia. Utani ulikuwa umekwisha na yeye alikuwa jirani tu, mzee mwenye jasho. Udongo ukaanza kushuka. Una sauti yake udongo ukigonga mninga, kila mtu aliyezika anaijua, nami sitaki kuieleza.

Walipomaliza, wanafunzi wangu wakasimama mstari wakaniinamia. Waliinama vizuri, migongo imenyooka. Nguzo ikaniambia hongera na pole, kwa pamoja, kama neno moja.

Nikautafuta Mkonge. Ulikuwa mkubwa sasa, mabega mapana, mzuri wa kutazama, vile nilivyokuwa nikiuwaza kila siku nikifagia banda. Ukanipita. Ukaenda ukakaa juu ya kaburi, ukakunja miguu, ukaweka mikono juu ya udongo.

"Twende nyumbani," nikauambia.

"Nina mtu wa kubeba," ukasema.

Mkanda ukanirudia. Ukajizungusha kiunoni, ukajifunga, safari hii mbele ya watu wote. Ulijifunga kwa nguvu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Naetwe bado amekaza shingo kule chini na anangoja neno langu. Nikataka kusema. Neno lenyewe ni fupi. Mkanda ukakaza, pumzi ikaishia kifuani, nikasogeza midomo bila sauti, na watu wakaanza kwenda kula wali.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshatoka. Mke wangu alikuwa uani anafua, redio imewashwa kwa jirani, na kitandani hapakuwa na udongo wala jani la mgomba. Nilijipapasa mbavu. Nikacheka kidogo, cheko la mtu aliyeachiwa. Nikasema moyoni, ndoto ni hasira ya mchana imevaa nguo za usiku. Leo ni siku ya mazoezi, nitakwenda bandani, na rufaa yangu iko pale pale.

Nikachukua simu nione saa. Kulikuwa na ujumbe wa Naetwe.

"Habari za asubuhi, Senkondo. Leo sitafika mazoezini. Nimeamka shingo imekaza haigeuki, na kidevu hakitaki kuinuka. Nadhani nililala vibaya."

Nikausoma tena, polepole. Tangu nimfahamu mama huyu, sokoni, kanisani, hospitali, hajawahi kuniita kwa jina.

Nimeandika jibu. "Pole sana, Mwalimu. Pumzika." Najua nikilituma hakuna rufaa tena. Mke wangu ameniita chai mara mbili, chai imepoa, na bado sijalituma.